Ptolemy watatu katika kijitabu kimoja: kisa cha jina lililotuponza

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wahariri wenzangu, hasa tunaoshughulika na vitabu vya historia vya shule. Majina ya watu, ya shule na ya mji nimeyaondoa. Makosa nimeyaacha yalivyo, mengi yakiwa yangu.

## Usuli

Kijitabu kilikuwa cha kurasa 48, cha wanafunzi wa sekondari, kikieleza jinsi pwani ya Afrika Mashariki ilivyojulikana na watu wa mbali miaka elfu mbili iliyopita. Mwandishi ni mwalimu mstaafu wa historia. Hapa nitamwita Mwalimu, kama tunavyomwita sote. Mimi nilikuwa mhariri. Tulikuwa pia na msomaji wa pili wa kuhakiki, na kijana mmoja mchoraji aliyepanga kurasa na kutafuta picha.

Mswada ulikuja kwenye madaftari mawili makubwa, kwa mwandiko wa mkono ulionyooka kama mistari ya reli. Mwalimu alikuwa amechukua maandishi mawili ya Kigiriki ya zama za dola ya Roma, akayaweka bega kwa bega. La kwanza ni Periplus ya Bahari ya Erythraea, mwongozo wa mabaharia na wafanyabiashara ulioandikwa katikati ya karne ya 1 BK. Humo Rhapta ndiyo bandari ya mwisho ya biashara katika Azania, yaani pwani yetu. Kutoka hapo kwenda mbele, mwandishi anasema bahari haijachunguzwa. Jina Rhapta linatokana na neno la Kigiriki la kushona, kwa sababu vyombo vya huko vilikuwa vya kushonwa. Hapo Mwalimu alijipa ukurasa mzima wa mtepe: mbao zinavyotobolewa kwa keekee, kamba ya usumba inavyopitishwa na kukazwa, chombo kizima kikaelea bila msumari hata mmoja wa chuma. Ni ukurasa bora kuliko yote katika kijitabu, na sikuugusa.

Andiko la pili ni Jiografia ya Claudius Ptolemy wa Alexandria, vitabu 8, iliyokuja kama miaka mia baadaye. Yeye haiiti Rhapta bandari ya biashara tu, anaiita mji mkuu. Anaijua rasi ya Prason, kusini zaidi ya Rhapta. Anataja maziwa ambayo Mto Nile unatokea, na Milima ya Mwezi inayoyalisha maji. Anaeleza hata kisa cha baharia Diogenes, aliyekuwa akirudi kutoka India, akasukumwa na upepo mpaka karibu na Rhapta. Hoja ya Mwalimu ilijengwa hapo: kati ya andiko la kwanza na la pili, habari za pwani yetu na za bara lake zilikuwa zimezidi kufika Alexandria. Ili hoja hiyo isimame, Periplus lazima itangulie na Ptolemy afuate. Ukigeuza mpangilio huo, sura nzima inalala chini.

Sasa, kijitabu kilikuwa na Ptolemy wengine wawili. Ukurasa wa 7 ulimtaja Ptolemy II Philadelphus, mfalme wa Misri wa karne ya 3 KK, aliyetaka tembo wa vita na kuanzisha kituo cha uwindaji kwenye pwani ya Bahari ya Shamu, kikaitwa Ptolemais ya Uwindaji. Ukurasa wa 11 ulimtaja Ptolemy XIII, mdogo wake Cleopatra, aliyepigana na Julius Caesar na kuzama Mto Nile mwaka 47 KK. Huyu aliingizwa ili kueleza jinsi Misri, pamoja na njia zake za baharini, ilivyoelekea mikononi mwa Roma, jambo lililokamilika mwaka 30 KK chini ya Octavianus, aliyekuja kuwa Kaisari wa kwanza wa Roma. Wafalme wa ukoo huo wote waliitwa Ptolemy, tangu yule jemadari wa Alexander aliyeuanzisha hadi Caesarion, mwana wa Cleopatra, aliyeuawa mwaka huohuo wa 30 KK.

## Yaliyotokea

Mwalimu hakukosea. Kwenye daftari lake aliandika: "Ptolemy wa Alexandria anaiita Rhapta mji mkuu." Sahihi kabisa.

Mimi nilianza kwa kufuta namba. Niliona II na XIII zitawatisha wanafunzi, kitabu kikaonekana kama cha hesabu, hivyo kurasa za 7 na 11 zikabaki na "Mfalme Ptolemy" tu. Kisha nikafika ukurasa wa 19, penye sentensi hiyo ya Mwalimu. Tuna kanuni ya uwiano: mtu anapotajwa mara ya kwanza katika sura mpya, apewe cheo chake. Ptolemy alikuwa na cheo kurasa za nyuma, na hapa hana. Nikaongeza "Mfalme". Neno moja, kalamu nyekundu ikapita, nikafungua ukurasa unaofuata.

Msomaji wa pili akafanya kazi yake. Aliandika kwenye kompyuta jina Ptolemy na mji wa Alexandria, yakamjia majina ya wafalme chungu nzima, maana Alexandria ndiyo ilikuwa makao yao. Akaweka tiki. Akaona pia kwamba ukurasa wa 19 hauna miaka ya utawala ilhali ukurasa wa 11 unayo. Kwa nia njema kabisa akainakili: "Mfalme Ptolemy (51–47 KK)".

Kijana wetu naye akaingia kutafuta picha. Alirudi mbio.

"Dada, nimempata! Mfalme mwenyewe, anapima nyota!"

Na kweli. Ilikuwa picha ya mchongo wa mbao kutoka kitabu kilichochapwa Ulaya mwaka 1503. Mzee amesimama, taji kichwani, ameinua kipimo kuelekea angani. Nyuma yake kuna mwanamke anayewakilisha elimu ya nyota, kama anayemwelekeza, na jina Ptolemy limo kwenye picha yenyewe. Kama nilikuwa na chembe ya shaka, ikaisha hapo. Taji lile lilitosha.

Prufu zilimfikia Mwalimu wiki aliyotoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Alisoma ukurasa wa mtepe kwa kioo cha kukuzia, akasema umekaa vizuri, mengine akatuachia. "Ninyi ndio wenye macho, mwanangu," aliniambia. Maneno hayo yananichoma hadi leo.

Zikachapwa nakala 600. Wiki ya pili baada ya kusambaza, simu ikaja kutoka kwa mwalimu wa shule mojawapo. Mwanafunzi wa kidato cha tatu alikuwa amenyoosha mkono darasani na kuuliza hivi: huyu mfalme ukurasa wa 11 amezama Mto Nile mwaka 47 KK, na mnasema alitawazwa akiwa mtoto wa miaka kama kumi. Ukurasa wa 19 mnasema aliongeza habari juu ya kitabu kilichoandikwa karne ya 1 BK. Aliziongezaje akiwa ameshakufa? Na alipata wapi muda wa kuandika vitabu vinane? Mwalimu wake alimwambia akae. Wakati wa mapumziko akafungua kijitabu mwenyewe, akasoma tena, akatupigia.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutorudisha nakala. Zilikuwa zimesambaa shule tisa, nyingine ng'ambo ya maji, na nauli ya kuzikusanya ingezidi gharama ya kuchapa upya. Tukachapa stika yenye sentensi sahihi, kubwa kiasi cha kufunika aya iliyokosewa, tukaituma shuleni pamoja na barua fupi ya kuomba radhi. Bado naamini uamuzi huo ulikuwa sawa kwa hali tuliyokuwa nayo.

Uamuzi wa pili ulikuwa wangu peke yangu, nao ulikuwa mbovu. Walimu waliomba nakala ya kompyuta iliyosahihishwa, waitume kwa simu. Saa nne usiku, nimechoka, nikatumia amri ya kutafuta na kubadilisha: kila penye "Mfalme Ptolemy" paandikwe "Mwanajiografia Ptolemy". Ikabadilisha sehemu zote kwa mpigo mmoja, nikafurahi, nikatuma. Asubuhi ukurasa wa 7 ulikuwa unasomeka kwamba mwanajiografia Ptolemy alituma watu kuwinda tembo wa vita. Ukurasa wa 11, mwanajiografia Ptolemy alipigana na Julius Caesar akazama mtoni. Nakala hiyo ilisambaa kwenye makundi ya WhatsApp kuliko kijitabu chenyewe, na mpaka leo sina uwezo wa kuifuta.

Uamuzi wa tatu ulitokana na aibu hiyo. Kabla ya kugusa neno lingine lolote, kila mtu anayetajwa katika kijitabu apate kadi yake: aliishi lini, wapi, kazi yake nini, nani alikuwa akitawala wakati huo, na jambo moja alilolifanya yeye ambalo wenye jina lake hawakulifanya. Mwalimu, macho yakiwa yamepona, alikaa nasi alasiri tatu kwenye kibaraza chake. Tulidhani tutatoka na kadi tatu za Ptolemy. Zikaanza kuongezeka. Ptolemy Apion, aliyeirithisha Roma nchi ya Cyrene kwa wosia mwaka 96 KK. Ptolemy mfalme wa Kupro, aliyekunywa sumu mwaka 58 KK Roma ilipokitwaa kisiwa chake. Ptolemy XII, baba wa Cleopatra, aliyefukuzwa na watu wake na kurudishwa kwenye kiti na jeshi la Roma mwaka 55 KK. Hata lakabu hazikutuokoa, maana mwana wa mwisho wa Cleopatra na Marcus Antonius naye aliitwa Ptolemy Philadelphus, kama yule wa tembo.

Kijana akapendekeza kanuni rahisi: Ptolemy wa KK ni mfalme, wa BK ni mwanajiografia. Tuliipenda kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha Mwalimu akakumbuka Ptolemy wa Mauretania, mjukuu wa Cleopatra na Antonius, mfalme halisi, aliyeuawa kwa amri ya Kaisari Caligula wa Roma mwaka 40 BK. (Mauretania hiyo nayo siyo Mauritania ya leo. Ilikuwa kaskazini, sehemu za Moroko na Algeria. Unatoka kwenye jina moja unaangukia jingine.) Kanuni ikafa.

Tukakubaliana wafalme wa Misri wapewe namba zao daima, hata kama zinatisha. Namba hizo ni mpangilio wa wanahistoria wa baadaye, wenyewe walijulikana kwa lakabu, lakini ndizo zinazomtenganisha mtu na baba yake. Mwanajiografia aandikwe Claudius Ptolemy kila mara, bila kufupishwa.

## Matokeo

Stika zilifika shuleni zote. Walimu watatu walitueleza jambo ambalo hatukulitarajia: wanafunzi walizibandua. Walitaka kuona kilichofichwa chini. Aya iliyokosewa ikasomwa kwa makini kuliko aya nyingine yoyote katika kijitabu, pamoja na ukurasa wa mtepe. Shule moja iligeuza jambo hilo kuwa zoezi la darasa, wanafunzi wakalinganisha sentensi mbili na kueleza kwa nini ya chini haiwezekani. Hatukulipanga sisi, na hatuwezi kujisifia nalo.

Jina kamili nalo likaleta swali lake. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama Claudius Ptolemy ndiye Kaisari Claudius, aliyetawala Roma kuanzia mwaka 41 hadi 54 BK. Siyo. Lakini swali si la kipuuzi, maana Claudius ni jina la Kirumi, na kuwa nalo kunaonyesha mtu ni raia wa Roma. Huenda babu yake alipewa uraia zama za Kaisari huyo au za Nero. Tukaongeza sentensi mbili kwenye rasimu ya toleo la pili.

## Uchambuzi

Ukituuliza kama tulihakiki, jibu ni ndiyo, mara tatu: mhariri, msomaji wa pili, mtafuta picha. Tatizo ni kwamba hakiki zote tatu ziliuliza swali lilelile kwa njia tofauti, na swali lenyewe lilikuwa jina. Mimi nililinganisha jina na jina la ukurasa wa nyuma. Mwenzangu alilinganisha jina na majina yaliyomjia kwenye skrini. Kijana alilinganisha jina na picha yenye jina hilo. Jina lilijishuhudia lenyewe mara tatu, sisi tukahesabu mashahidi watatu. Hakuna aliyeuliza kitu nje ya jina: je, mtu huyu angeweza kuwa hai wakati huo?

Jibu lilikuwa karibu sana. Katika kazi yake kubwa ya elimu ya nyota, ile ambayo Waarabu waliiita al-Majisti, Claudius Ptolemy anaeleza mambo aliyoyatazama angani yeye mwenyewe, na anayapa tarehe kwa miaka ya utawala wa Makaisari wa Roma. Yanaangukia kati ya mwaka 127 na 141 BK. Mfalme wetu wa ukurasa wa 11 angekuwa amelala chini ya Nile zaidi ya miaka 170. Tarehe hiyo moja ingetosha, nayo haihitaji mtu kujua Kigiriki.

Kuhusu taji, hapo nina maoni mawili. Kwa upande mmoja, kijana hakuwa na hatia: picha ni ya kweli, ya kale, na jina limo. Kwa upande mwingine, picha hiyo ni ushahidi wa kosa kama letu lililofanywa na watu waliotutangulia. Askofu Isidore wa Seville, mwanzoni mwa karne ya 7, alikuwa tayari anamwita Ptolemy wa nyota mfalme wa Alexandria. Raphael, mchoraji wa Italia, alipochora wanafalsafa wake kwenye ukuta wa Vatikani kati ya 1509 na 1511, alimvika Ptolemy taji, ametupa mgongo, ameshika tufe la dunia. Wasomi wa Ulaya walisoma Ptolemy, wakasoma Alexandria, wakatia taji. Ndivyo nilivyofanya na kalamu nyekundu. Kwa hiyo ukongwe wa chanzo haukutusaidia kitu. Ulilipa kosa mvi, tukaliamkia shikamoo.

Kanuni ya uwiano nayo inastahili lawama yake. Inafaa kwa tahajia na kwa vichwa vya habari. Ilipotumika kwa watu, ilimlazimisha mtu mmoja afanane na mwingine kwa sababu tu kurasa zilitaka kufanana. Siku hizi nikiona cheo kimekosekana, namuuliza mwandishi kwanza. Mwalimu aliacha neno "Mfalme" makusudi. Mimi nilidhani amesahau.

Kilichofanya kazi ni mpangilio wa hoja ya Mwalimu. Kwa kuwa sura ilitegemea nani alitangulia na nani akafuata, kosa la jina halikuweza kukaa kimya, lilivunja mantiki pale ambapo msomaji makini angejikwaa. Kama kijitabu kingekuwa orodha tupu ya habari, "Mfalme Ptolemy alitaja Rhapta" ingepita shule zote tisa bila mtu kunyoosha mkono. Yule mwanafunzi hakuwa na intaneti wala maktaba. Alisoma ukurasa wa 11 na wa 19 siku moja, kazi ambayo sisi tuliigawana watu watatu, kila mmoja na kipande chake, hakuna aliyeshika vyote.

Kuhusu amri ya kutafuta na kubadilisha, sina uchambuzi mrefu. Kompyuta nayo haijui Ptolemy yupi ni yupi. Nilirudia kosa langu la kwanza kwa kasi kubwa zaidi.

Lililobaki bila kuamuliwa ni picha. Mimi nataka ibaki katika toleo la pili, ikiwa na maelezo chini yake kwamba taji ni kosa la karne nyingi, kwa sababu inafundisha. Mwalimu hataki. Anasema amefundisha miaka 34 na anajua mtoto akiona taji hasomi maelezo. Kijana amechora mbadala: mzee bila taji, amekaa na karatasi, mbele yake baharia anayeonyesha kwa kidole upande wa kusini. Mwalimu aliitazama muda mrefu, kisha akauliza kwa nini chombo kilichochorwa pembeni kina misumari.

Kijana ameichukua akarekebishe.